Mhusika Wako Mezani: Majibu kwa Wasomaji wa Kanda ya Ziwa

Barua za mwezi huu zimetoka Mwanza na vitongoji vyake, nyingine zimevuka maji kutoka Ukerewe, na karibu zote zinauliza jambo moja. Katika michezo ya mezani ya kuigiza wahusika wa fantasia, mchezaji apewe uhuru kiasi gani wa kumtengeneza mhusika wake, na uhuru huo uandikwe vipi usije ukauharibu mchezo? Kwa ambaye hajawahi kuketi kwenye meza hiyo: watu wanne au watano hukusanyika, mmoja huongoza mchezo na kuisimulia dunia, wengine kila mmoja hubeba mhusika wake, na pale matokeo yanapokuwa na shaka dadu huamua. Tulipohitaji mfano wa hesabu tumetumia kanuni moja: rusha dadu mbili za kawaida, jumlisha, ongeza namba ya sifa ya mhusika inayohusika (kama nguvu au akili), ukifikisha 8 umefaulu.

Shikamooni wahariri. Sisi ni vijana watano wa Nyakato, tunaandika mchezo wetu wenyewe. Mambo yanatokea kwenye ziwa lenye majini, visiwa vinavyohama na kenge wanaoongea. Tumeshaandika asili 14, kazi 22 na vipaji 60. Mchezaji mgeni anachukua saa mbili kumaliza kumtengeneza mhusika, halafu wote wanatoka na mtu yuleyule: mpiganaji mwenye kipaji cha Ngozi ya Kenge (kila pigo linapungua 2) aliyebeba Ngao ya Kiboko (kila pigo linapungua 2 tena). Tumekosea wapi?
*Vijana wa Nyakato*

Marahaba vijana. Mna matatizo mawili, na tuanze na hilo la kenge na kiboko kwa sababu linaonekana kwa hesabu ya kidole.

Pigo la kawaida kwenye mchezo wenu ni dadu moja, yaani wastani wa 3.5. Punguza 2: dadu ikitoka 1 au 2 hakuna madhara, ikitoka 3 ni 1, 4 ni 2, 5 ni 3, 6 ni 4. Jumla 10, gawa kwa 6, wastani ni 1.67. Hapo mhusika anaishi mara mbili zaidi ya mwenzake, jambo linalovumilika. Sasa ongeza ngao. Punguza 4 na madhara yanabaki kwenye 5 na 6 peke yake, 1 na 2. Wastani unakuwa 0.5. Mtu huyu anaishi mara saba ya mwenzake asiye na kinga. Kila kimoja kilipokuwa peke yake kilikuwa salama, na bila shaka mlikijaribu kikiwa peke yake. Tatizo lilizaliwa vilipokutana.

Dawa yake ni sentensi moja kwenye ukurasa wa kanuni: *Vipunguzo vya madhara havijumlishwi, tumia kilicho kikubwa.* Andikeni sentensi kama hiyo kwa kila kitu kinachoweza kurundikana: nyongeza za dadu, zamu za ziada, punguzo la bei. Msiiweke ndani ya maelezo ya kipaji kimoja kimoja, kwa sababu atakayeandika kipaji cha 61 ataisahau.

Tatizo la pili ni wingi. Asili 14 kwa kazi 22 ni michanganyiko 308, na vipaji havijaingia bado. Hakuna kikundi cha watu watano kitakachoijaribu yote, kwa hiyo wachezaji wenu ndio watakaokuwa wanaijaribu, na wa kwanza kugundua uchafu atawaambia wengine. Punguzeni mpaka asili 4 na kazi 6. Hiyo ni michanganyiko 24. Wachezaji wanne wakikaa mara sita mmeimaliza yote. Kila kazi ipewe vipaji vitatu, mchezaji achague kimoja tu siku ya kwanza. Hivyo ni vipaji 18. Vile 42 vilivyobaki visitupwe, viwekeni kwenye bahasha; vitawafaa wahusika watakapokua.

Namna ya kuchagua vya kubaki: andikeni kila kipaji kwenye kikaratasi chake. Kila mmoja achague kimoja kwa siri kwa kila kazi, kisha fungueni pamoja. Kilichochaguliwa na watu wote si chaguo tena, ni ada ya kuingilia. Mpeni kila mwenye kazi hiyo bure na mtafute kingine cha kujaza nafasi yake. Kisichoguswa na mtu katika raundi tatu, kichunguzeni kabla ya kukikata, maana mara nyingine wazo ni zuri ila limeandikwa vibaya. Linganisheni hivi viwili:

*Muogeleaji: pata +1 unapoogelea.*

*Mzamiaji: ukizama kwa hiari yako hakuna anayekuona mpaka uibuke. Ukiibuka unachagua mahali popote ndani ya hatua ishirini, lakini kila ulichobeba kimelowa: upinde na baruti havifanyi kazi mpaka vikauke.*

Cha kwanza kinamwambia mchezaji ajumlishe. Cha pili kinamwambia afanye nini, kinampa mpango, na kinamnyima kitu. Mwenye upinde hatakitaka, mwenye kisu atakipenda, na hapo ndipo wahusika wawili wanapoanza kutofautiana bila kulazimishwa.

Kabla hamjapitisha kipaji chochote ulizeni pia kama hakimnyang'anyi mtu mwingine. Dungeons & Dragons, mchezo maarufu kuliko yote ya aina hii, ilipotoka mwaka 1974 ilikuwa na kazi tatu tu: mpiganaji, mchawi na kasisi. Mwizi aliongezwa mwaka 1975, akiwa na asilimia zake za kupanda kuta na kujificha. Ukishamwandikia mmoja asilimia ya kupanda ukuta, wengine wote mezani huanza kudhani hawawezi kupanda hata mti wa mwembe. Nyinyi mna kipaji kiitwacho "Jicho la Mbali: unaweza kuona mtumbwi ulioko mbali ziwani"? Basi mmewapofusha wote wasio nacho. Kiandikeni upya kiwe juu ya kile ambacho mtu wa kawaida hakiwezi kabisa, kwa mfano kujua mtumbwi huo umebeba watu wangapi na kama kuna anayeumwa.

Mkishamaliza, pimeni kwa saa. Mgeni asiyejua kitu awe amemaliza kumtengeneza mhusika ndani ya dakika 30, kuchagua jina kukiwemo.

Kitabu tulichopakua kinataka dadu ya pande 20. Hapa Nansio madukani kuna dadu za ludo tu. Je, tukitumia dadu mbili za ludo na kuziacha nyongeza za kitabu kama zilivyo, kuna ubaya?
*Msomaji wa Nansio, Ukerewe*

Upo, na mkubwa. Kwenye dadu ya pande 20 kila namba ina nafasi sawa, kwa hiyo kila +1 ni asilimia 5, mwanzo mpaka mwisho. Kwenye dadu mbili namba za katikati hutoka mara nyingi zaidi: 7 ina njia 6 kati ya 36, ilhali 12 ina njia moja tu. Ukitafuta 8 bila nyongeza unafaulu mara 15 kati ya 36, karibu asilimia 42. Ukiwa na +1 ni asilimia 58. Ukiwa na +2 ni 72, na +3 ni 83. Zile +5 ambazo kitabu chenu kinampa mhusika mchanga bila wasiwasi zitamfanya afaulu mara 35 kati ya 36. Hapo hakuna haja ya kurusha tena, semeni tu amefaulu muendelee.

Mkiamua kubaki na dadu mbili, gawanyeni nyongeza za kitabu kwa tatu: +3 iwe +1, +6 iwe +2, +9 iwe +3. Msivuke hapo. Mia kwa mia haiwezi kulingana, lakini inacheza vizuri.

Mkitaka kubaki na kanuni za kitabu kama zilivyo, tumieni karata. Toeni ree mpaka kumi za kopa na ree mpaka kumi za shupaza, jumla karata 20. Kopa ni 1 hadi 10. Shupaza mnajumlisha kumi, yaani ree ni 11 na kumi ni 20. Baada ya kila kuvuta, karata irudi na fungu lichanganywe. Wengi huona uvivu hapo, na mchezo unabadilika mikononi mwao bila wao kujua: karata zisiporudi, aliyevuta mbaya tano mfululizo anajua nzuri zimejaa chini, anaanza kuzisubiri. Kuna watu watapenda hesabu hiyo, lakini si dadu tena.

Kitabu kikisema rusha mara mbili uchukue kubwa, vuteni karata mbili kwa pamoja. Tofauti haifiki asilimia mbili: nafasi ya kupata 11 au zaidi ni 75 kwa dadu na 76 kwa karata.

Kwetu Igoma tumegawanyika. Nusu wanataka sifa za mhusika zirushwe kwa dadu, wanasema ndiyo raha yake. Nusu wanataka zinunuliwe kwa pointi, wanasema ndiyo haki. Nyinyi mko upande gani?
*Kikundi cha Igoma*

Upande wa pointi kama mchezo utaendelea wiki nyingi, upande wa dadu kama ni wa jioni moja. Mkosi wa jioni moja unachekesha. Ukiwa nao miezi minne unaanza kutafuta sababu za kutokuja.

Desturi ya zamani, ile ya 1974, ilikuwa kurusha dadu tatu kwa kila sifa. Karibu nusu ya marusho hayo huangukia kati ya 9 na 12, na 18 hutokea mara moja kati ya 216. Inaonekana tulivu, ila sifa zikiwa sita na wachezaji watano mna marusho 30 mezani, na lazima mmoja atoke na bahati na mwingine atoke na aibu.

Kuna njia ya katikati ambayo vikundi vingi havijaijaribu: kila mtu arushe seti yake mezani mbele ya wote, kisha seti moja ichaguliwe na itumiwe na wachezaji wote, kila mmoja akizipanga namba anavyotaka. Kelele za dadu zimebaki, wivu umeondoka.

Kwa pointi, kanuni yetu ya dadu mbili ina sifa nne zinazoanzia 0. Mpeni kila mchezaji pointi 5. Kupanda hadi +1 ni pointi 1, hadi +2 ni pointi 3 kwa jumla, hadi +3 ni pointi 6. Sifa moja tu inaweza kushushwa hadi −1 kwa kurudishiwa pointi 1. Mtu akitumia pointi zake zote hana budi kutoka na mojawapo ya maumbo matatu: +2, +1, +1, 0, au +2, +2, 0, −1, au +3, 0, 0, −1. Kwa kweli mnaweza kuyachapa hayo matatu kwenye karatasi na kuacha kabisa habari ya pointi. Mgeni anachagua kwa dakika moja.

Kwa nini bei ipande, wakati tumeshamwonyesha msomaji wa Nansio kwamba +1 ya kwanza ndiyo inayoongeza asilimia nyingi kuliko ya pili na ya tatu? Kwa sababu mchezaji hatumii sifa zake kwa usawa. Mwenye nguvu +3 atataka kila mlango uvunjwe, hata ule ambao haujafungwa. Anairusha sifa yake kubwa mara nyingi, ile −1 anaikwepa. Bei inalipia mazoea hayo, wala si asilimia za dadu.

Tunaruhusu mchezaji achukue dosari apate pointi za ziada. Mmoja amechukua "naogopa nyoka", "sijui kusoma" na "nina deni la zamani", akapata pointi za kutosha kununua upanga wa radi. Miezi imepita, hajakutana na nyoka wala barua wala mdai. Tufanyeje?
*Mwongoza mchezo, Kirumba*

Mmelipa kabla ya kazi kufanyika, na fundi amekula pesa. GURPS, mchezo wa Marekani uliotoka mwaka 1986, ulieneza sana utaratibu huu wa dosari kulipiwa wakati mhusika anatengenezwa, na unafanya kazi kama mwongoza mchezo anakumbuka dosari za kila mtu kila wanapokutana. Mwenye wachezaji watano, kila mmoja na dosari tatu, ana vitu 15 vya kukumbuka huku anasimulia na kuigiza sauti ya mamba. Hatakumbuka.

Geuzeni malipo. Dosari haitoi chochote siku ya kwanza. Inapomuumiza mhusika wakati wa mchezo, mchezaji anapewa kizibo kimoja cha soda. Kizibo kinarudisha dadu moja irushwe upya, wakati wowote. Asiwe na vizibo zaidi ya vitatu, na dosari moja isilipe zaidi ya mara moja kwa kikao. Utashangaa jinsi mtu yuleyule aliyekuwa anaficha deni lake atakavyokuwa wa kwanza kusema, "Jamani, huyu mwenye duka si ndiye ninayemdai… samahani, anayenidai?"

Kila mhusika awe na dosari mbili, basi. Ya tatu haikumbukwi na mtu yeyote. Na ziwe zinazoelekea kwa mtu au mahali panapojulikana: "nina deni kwa mchuuzi wa dagaa pale Mwaloni" itakuja yenyewe kila wahusika wakishuka sokoni, ilhali "naogopa nyoka" inamngoja nyoka. Katazeni dosari ambazo maumivu yake yanawaangukia wengine, kama "nawaibia wenzangu". Mwenye nayo anakula vizibo, meza nzima inalipa.

Mimi ni mwalimu, Kisesa. Wanafunzi wa klabu yangu wanataka makabila ya kanda hii yawe asili za wahusika: Wasukuma wapewe nguvu, Wakerewe kuogelea, Wahaya akili, na kadhalika. Nimesita. Pia wanataka kuingiza Wagika na Wagalu, zile kambi mbili za Wasukuma zinazoshindana kwa ngoma kwenye sherehe za Bulabo. Ninyi mnashauri nini?
*Mwalimu wa Kisesa*

Mwalimu, umesita mahali pa kusita. Kumpa mtu namba kwa kabila lake ni kuandika utani wa mtaani kuwa kanuni, na utani ukishaandikwa kwenye karatasi haucheki tena. Isitoshe unaharibu mchezo hata kwa hesabu tupu: kama kabila moja ndilo lenye akili +1, kila mganga mezani atatoka kabila hilo, na umeua machaguo badala ya kuyaongeza. Hata Dungeons & Dragons, katika kanuni zake za 2024, iliziondoa nyongeza za sifa kwenye asili ya mhusika na kuzihamishia kwenye maisha aliyoyaishi kabla ya safari.

Fanyeni hivyohivyo. Acheni "umezaliwa nani" iwe jina, lugha, ndugu na nyimbo, bila namba. Namba na vipaji vitoke kwenye "umekulia wapi na ukifanya nini". Kanda hii imejaa: mchungaji, mchimba dhahabu, mfua chuma, mtoto wa gulio, mkunga, mpiga kasia. Tukuandikie kimoja kikamilifu uone ukubwa unaofaa:

*MVUVI WA KARABAI*
*Unajua: kupiga kasia, kusoma upepo, kushona nyavu.*
*Kipaji: usiku wa giza, ukiwa majini na taa inayowaka, unaweza kukiita kitu kimoja kije kwenye mwanga. Mwongoza mchezo atasema kimekuja nini. Wewe utasema wa kwanza utakifanyia nini.*
*Kikomo: siku za mbalamwezi kipaji hakifanyi kazi. Taa ikizimika, kilichokuja hakiondoki.*
*Kifungo: mwenye mtumbwi anadai fungu lake katika kila unachokipata.*

Kikomo hicho hakikubuniwa. Dagaa wa ziwani huvuliwa usiku kwa kuvutwa na mwanga wa taa, na mbalamwezi ikiwa kali taa haina nguvu, ndiyo maana mitumbwi hupumzika siku hizo. Mchezo unapata kalenda bure: chora visanduku nane vya duara pembeni mwa ramani, sogeza kete moja kila baada ya siku nne za hadithi, visanduku viwili viwe vya mwezi mkubwa. Mara wachezaji wanaanza kubishana kama wavuke leo au wangoje giza, na ubishi huo umetoka kwenye chaguo la mhusika mmoja. Tena wengi wa wanafunzi wako wanaujua ukweli wake kuliko sisi, waache waandike.

Zingatia urefu pia: mistari minne. Kikizidi mistari sita, ndani yake kuna vipaji viwili vimekumbatiana.

Wagika na Wagalu wanafaa sana, ila wasiwe sehemu ya kuzaliwa. Kwa kuwa kambi mbili hizi hushindana kwa ngoma na mshindi ni mwenye umati mkubwa, ziwe chaguo linalofanywa katikati ya mchezo, mara moja, bila kurudi nyuma: ukijiunga na kambi, kila kijiji utakachofika kuna nyumba moja itakayokulaza na kukulisha, na kila kijiji hichohicho kuna mtu mmoja wa kambi ya pili atakayetaka ushindwe hadharani. Faida na hasara ziko kwenye mstari mmoja, hakuna wa kuchukua moja akaiacha nyingine. Wanafunzi wawili wakiwa kambi tofauti ndani ya mtumbwi mmoja, kaa pembeni uwaangalie. Kuhusu dawa za ngoma na mambo ya mizimu, yabadilisheni majina na sura, na kabla ya kuyaandika muulizeni mzee mmoja wa hapo Kisesa lipi linaruhusiwa kuchezewa. Na msisahau kwamba mshindi wa zimwi Shing'weng'we katika ngano za Kisukuma, Masala Kulangwa, hushinda kwa akili; mkiandika kazi sita zote za kupiga watu mtakuwa mmemwacha nje.

Mchawi wetu alikuwa dhaifu ngazi ya kwanza. Sasa yuko ngazi ya tano, anamaliza vita peke yake, wengine tunakunywa soda.
*Msomaji wa Buhongwa*

Angalieni vitu vingapi vyake vinapanda kwa wakati mmoja. Kama kila ngazi inamwongezea mara moja zaidi ya kuroga, na kila uchawi unaongezeka dadu moja ya madhara, ngazi ya kwanza ana dadu 1, ngazi ya tano ana mara 5 kwa dadu 5, yaani dadu 25. Mpiganaji anayeongezewa dadu moja kila ngazi ana 5. Mchawi anazidisha, mpiganaji anajumlisha.

Simamisheni kimoja. Idadi ya kuroga ibaki 3 kwa siku, milele, nguvu ipande. Au nguvu ibaki dadu 2, idadi ipande. Tunapendelea ya kwanza, maana mara tatu zinamfanya mchawi afikirie. Kisha kuanzia ngazi ya tatu wote wakue kwa upana badala ya urefu: kipaji kipya cha kufanya jambo jipya, na sifa yoyote isivuke +3. Hapo ndipo ile bahasha yenye vipaji 42 vya vijana wa Nyakato inapofunguliwa.

Mkiogopa kumshusha mwenzenu ambaye ameshazoea, msimshushe katikati ya hadithi. Ngojeni wahusika wafike mahali pa kupumzika, tangazeni kanuni mpya, na mumruhusu achague upya uchawi wake wote.

Tukimaliza kuandika mchezo wetu tunaweza kuuza? Tumeazima kanuni nyingi za nje.
*Kijana wa Pasiansi*

Kwa ujumla hakimiliki hulinda maandishi na picha, na majina ya kubuni yanaweza kulindwa kama alama za biashara. Wazo la kurusha dadu na kujumlisha sifa halina mwenyewe. Andikeni kila sentensi kwa maneno yenu, msinakili jedwali wala mchoro. Kama mnahitaji maandishi yenyewe, kanuni za msingi za toleo la tano la Dungeons & Dragons, zile ziitwazo SRD 5.1, zilitolewa Januari 2023 chini ya leseni ya Creative Commons inayoruhusu hata biashara, ilimradi muweke tamko la kumtaja mwenye kazi kama leseni inavyoelekeza. Kazi yenu wenyewe isajilini COSOTA, yaani Ofisi ya Hakimiliki Tanzania. Kabla ya kuchapa nakala nyingi mpelekeeni mwanasheria asome, hasa majina.

Karatasi za wahusika zetu zinachakaa haraka na fotokopi zinatoka mbovu. Nyinyi mnazipangaje?
*Msomaji wa Mkolani*

Karatasi moja ya A4 ikunjwe katikati, upate kurasa nne ndogo. Mbele: jina, asili, kazi, sifa nne. Ndani kushoto: vipaji, vikiwa vimeandikwa kwa ukamilifu, kamwe si "tazama ukurasa wa 31". Mchezaji anayefungua kitabu kila zamu anasahau alichotaka kufanya. Ndani kulia: visanduku vya uhai, vya kuchora na kufuta kwa penseli, na hapa ndipo karatasi inapotoboka kwanza, kwa hiyo wekeni safu mbili zinazofanana, ya kwanza ikichakaa mnahamia ya pili. Nyuma: mizigo na dosari mbili.

Fotokopi mbovu husababishwa na mambo mawili. Mistari iliyochorwa kwa penseli hufifia, basi nakala mama ichorwe kwa kalamu nyeusi. Na mashine nyingi hukata pembeni, basi acheni nafasi ya sentimita moja kila upande, na katikati kwenye mkunjo acheni mbili, la sivyo herufi za mwisho za vipaji zitaishia kwenye kunjo na mtu atasoma "+1" mahali palipoandikwa "+10".